Afisa Aliyekataa Samaki

Juzi hapa Kashikishi nilimkuta mama mmoja, mchuuzi wa ng'ambo ya ziwa, kwenye dirisha la biro ya vibali vya kusafirisha samaki. Samaki wake, makobo wabichi, walikuwa tayari juu ya kamiyo ya mizigo, na shofere anapiga honi. Siku hizi kibali kinatoka kwenye kompyuta tu. Cha mkono polisi wanakikataa barabarani.

Kijana wa biro alionyesha mashini kwa kidevu. "Ngoja, bamayo. Inatengeneza upya programu zake zote, moja moja, toka maandishi yake ya mwanzo. Mpaka imalize, haichapi kitu."

"Ilikuwa mugonjwa?"

"Hapana. Ilikuwa muzima."

"Sasa juu ya nini unaibomoa?"

"Nilibadilisha chombo kinachozitengeneza. Inafaa zote zipite kwenye kipya."

"Na hicho kipya, kilitengenezwa na nini?"

"Na kile cha zamani."

Mama aliniangalia, nami nikamwangalia. Sisi tunazijua biro: mashini ikikwama, kuna kitu inangojea. Akafungua kitambaa, akasukuma makobo wawili wanene chini ya kioo. "Shefu, hii ya mboga."

Kijana akawarudisha kwa ncha ya kidole. "Hata ukileta mutumbwi muzima, bamayo, haitaenda mbio. Pengine kesho."

Hapo ndipo mama alipobadilika uso. "Amekataa samaki," akaninong'oneza. "Basi ni kweli."

Kwa miaka yangu yote ya kusimama madirishani sijapata kuona ushahidi mzito kama huo. Tukashusha vikapu toka kwenye kamiyo, tukaenda kutafuta chumvi, makobo wasioze mpaka kesho.