Aksanti, Ndizi kwa Mboko

Jumapili ile bado ninayo, mwanangu, hata sasa magoti yanaponikatalia na majina ya wajukuu yanaponichanganya. Ilikuwa mchana, watu wametoka misa, nami nimebeba beseni la ndagala kichwani kwenda kuuza jikoni kwenye baa moja ya mtaa wa Cibitoke. Wale samaki wadogo wa ziwa letu unawajua vizuri, maana unawala kwangu na mkate wangu unamaliza.

Nakusimulia hili kwa sababu juzi ulikuja umenuna. Ulisema umechoka kuimba karaoke. Huku kwetu Bujumbura karaoke siyo kusoma maneno kwenye televisheni. Ni orkestra nzima, magita, ngoma na waimbaji, inapiga kwenye baa nyimbo za watu wengine, hasa za zamani. Ulisema wenzako wanakuita fotokopi. Ulisema unataka kuacha, eti kazi hii ni kuvaa nguo za marehemu. Nilikumiminia chai tu. Nilikuwa natafuta pa kuanzia, na sasa nimepaona. Tuanze na lile beseni.

Nilikuwa msichana mgeni mjini. Nilitoka Mboko, ng'ambo ya ziwa, nikikimbia vita, na njiani nilimpoteza kaka yangu Riziki. Walimuua, na sikupata nafasi ya kumzika. Nilipanga chumba Buterere, kule chini ambako mvua ikinyesha sana unaamka sufuria zinaelea. Picha ya kaka yangu sikuwa nayo. Nilichokuja nacho ni kaseti moja.

Nikueleze hiyo kaseti. Kulikuwa na orkestra iliyokuwa ikija Mboko kwa boti kupiga muziki sikukuu zikifika. Riziki ndiye aliyekuwa akipokea spika zao. Anaingia ziwani mpaka maji yanamfika kifuani, anabeba spika kichwani, anatoka nazo kavu kabisa. Mwimbaji wao alimpenda kwa hilo, na walipotoa wimbo mpya akamtupia jina. Desturi hiyo unaijua: katikati ya wimbo magita yanashuka, mwimbaji anaita watu. Wengi wanaoitwa ni matajiri. Kaka yangu hakuwa na kitu, ila aliitwa pamoja nao: "Aksanti, Riziki wa Mboko!" Siku tuliyoisikia mara ya kwanza, mama yetu aliacha ugali ukaungua.

Basi, maji ya Buterere yalikiingia chumba changu na kaseti ikaoza. Nilijaribu kuikausha juani, ikatoka imekunjamana. Nililia kuliko nilivyolia njiani, sikufichi. Mjini hapa hakuna aliyemjua Riziki. Kama mimi nisingelitamka jina lake, basi hakuna ambaye angelitamka, na mimi mwenyewe nilikuwa sithubutu.

Sasa rudi nami pale baa. Nimefika mlangoni na beseni langu, nasikia gita linaanza. Nikasimama. Wimbo ulikuwa ule ule! Waliokuwa wakipiga walikuwa vijana wa hapa hapa, mafundi wa Cibitoke, na mwimbaji wao alikuwa fundi cherehani aliyeitwa Evariste, mwembamba, shati limefunguliwa vifungo kama ana joto peke yake. Lakini alikuwa ameushika wimbo wote, hata ule mguno mdogo wa mwimbaji wa kwanza kabla ya kiitikio. Nikatua beseni chini. Nilijua jina linakuja.

Magita yakashuka. Evariste akanyoosha mkono kwa watu, akaita kwa sauti tamu kabisa:

"Aksanti, ndizi kwa Mboko!"

Na baa nzima, mwanangu, ikapaza sauti: "Ndizi!" Unajua brosheti zetu, yaani mishikaki, huliwa na ndizi za kuchoma. Basi kila mtu alikuwa na ndizi kwenye sahani, na kila mtu aliinua yake juu. Wanacheka, wanacheza, ndizi hewani. Kumbe kaseti waliyojifunzia ilikuwa imechakaa, mwanzo wa jina hausikiki. Riziki wa Mboko akawa ndizi kwa Mboko, na watu wakaipenda.

Mimi sikuipenda hata kidogo. Nilisubiri wimbo uishe, nikaenda moja kwa moja mpaka mbele ya Evariste, nanuka samaki, machozi yananitoka.

"Kaka yangu haiko ndizi!" nilimwambia.

Akanitazama kama nimepagawa. "Mi naimba vile kaseti inasema, dada. Kaseti inasema ndizi."

"Kaseti yako imezeeka, haiseme tena muzuri! Ile ni jina ya mutu. Riziki. Riziki wa Mboko."

Patroni, mwenye baa, naye akaingilia kutoka kaunta: "Lakini muache ndizi yetu! Ile wimbo ikipigwa, ndizi inaisha jikoni!" Watu wakacheka. Hapo nilitamani kuokota beseni langu niende zangu, nisirudi tena Cibitoke.

Aliyenizuia ni Mzee Zakaria, kiongozi wa ile orkestra, mpiga besi. Siku za kazi alikuwa akichomelea milango na madirisha, mikono imejaa alama za moto. Akaweka gita lake chini, akanivutia kiti.

"Keti kwanza. Huyu Riziki ni nani yako?"

"Ni kaka yangu. Alikufaka mu vita."

"Na mbona walimuita mu wimbo?"

Nikamweleza habari za spika, na maji ya kifuani, na jinsi alivyokuwa akitoka ziwani akijisifu kwamba hata waya haukulowa. Nilikuwa sijamweleza mtu yeyote mambo hayo tangu nivuke. Mzee Zakaria alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgeukia Evariste, na sauti yake haikuwa kali, lakini baa ilitulia.

"Wimbo haiko yetu, Evariste. Siye tunaishikia tu. Mwenyewe akikuja, tunamurudishia." Akanigeukia mimi. "Imba pale pa jina, tusikie."

Mimi, kuimba! Kanisani kwetu waliniomba niwe napiga makofi tu. Lakini niliimba, sauti inakwaruza, mbele ya watu wenye ndizi mdomoni. Evariste akairudia. Akakosea, nikamwambia hapana, siyo hivyo, "Ri" inavutwa kidogo. Akairudia tena mpaka ikakaa. Alikuwa na kiburi yule kijana, ila sikio lake lilikuwa la ajabu, na alipolishika jina alilitamka kama mtu aliyekua Mboko. Moyo wangu ulijaa. Sina neno lingine la kusema.

Nilipokuwa naondoka, nikamuuliza kwa nini asiimbe nyimbo zake mwenyewe, maana nilisikia anazo. Akakuna kichwa.

"Ninaimbaka. Nikiimba yangu, watu wananiangalia mimi. Nikiimba hizi za zamani, wanaangaliana wao kwa wao. Na mi napenda kuwaona vile." Akacheka. "Halafu za zamani zinanifundisha. Yangu bado zinanidanganya."

Jumapili iliyofuata nilivaa kitenge, nikaacha beseni nyumbani. Nilikaa meza ya mbele na soda yangu. Wimbo ukafika pale, magita yakashuka, Evariste akanitazama mimi, akaita: "Aksanti, Riziki wa Mboko!"

Na watu, kwa mazoea yao, wakajibu: "Ndizi!"

Nilicheka, mwanangu, nikalia, vyote kwa pamoja, soda ikanimwagikia kitengeni. Maana Riziki alikuwa mlafi wa ndizi kuliko mtu yeyote niliyewahi kumjua. Mama alikuwa akizificha juu ya dari. Nani aliwaambia? Hakuna aliyewaambia. Basi nikainua mkono nami nikaitikia. Sikuwaomba waache, na mpaka leo hawajaacha.

Tangu hapo kila Jumapili niliyoweza nilikwenda. Niliwaona watu wa Uvira, wa Fizi, na Warundi wa hapa hapa waliokulia na nyimbo zile, kila mmoja akisubiri mahali pake. Mmoja alikuwa anasubiri pale gita lililopigwa siku alipoposa mke. Mwingine alisubiri kiitikio tu, akiimba amefumba macho. Wenye nyimbo walikuwa mbali, wengi wamekufa. Vijana wale wa Cibitoke ndio waliotufikishia. Mzee Zakaria tulimzika kwa heshima zote, na Evariste sasa ana mvi na tumbo, vifungo amefunga. Nawashukuru kila nikisali.

Na wewe, mwanangu, uliyezaliwa hayo yote yamepita, mwezi uliopita nilikusikia kwa masikio yangu. Magita yalishuka, ukaita Riziki wa Mboko, na ile "Ri" ukaivuta kidogo. Evariste alikufundisha wewe kama mimi nilivyomfundisha yeye. Hukujua kwamba mimi, yule bibi wa meza ya mbele, ni dada yake Riziki. Sasa unajua.

Kwa hiyo nisikilize. Wakikuita fotokopi, wacheke nao, kisha upande jukwaani uimbe vizuri. Usishike wimbo wa mtu bila kuuliza majina yaliyomo ndani yake, walikuwa nani na walifanya nini. Kosa likitokea, atakapokuja mtu analia na beseni la samaki, mpe kiti kwanza. Tunga na zako pia, sikukatazi, tunga nyingi. Ila ukifika pale pa kutupa majina, usiwaite wenye magari tu. Muite na yule anayekubebea spika.

Mungu akulindie koo lako na vidole vya wenzako. Akupe watu wa kukusikiliza Jumapili mchana, wenye njaa na wenye furaha. Na siku utakapokuwa huwezi tena kuimba, wala mimi sipo tena, amuinue mtoto wa watu ambaye hajakuona hata mara moja, aliite jina lako katikati ya wimbo. Na akilikosea, basi alikosee liwe kitu kitamu.