Ya Fiston na koti yake ya dragon

Leo hapa Albert Park mwanaume mmoja ametembeza sura ya mama mkwe wake kwenye matako. Eish, ngojeni niwaambie.

Wasapeur wetu, wale Wakongo wa kupenda kuvaa, walikuwa wanashindana mavazi. Ya Fiston, kaka yetu mkubwa, akafika amevaa kama dragon, askari wa farasi wa mfalme wa Ufaransa, karne ya kumi na nane. Koti nzito ya kijani, kofia ya shaba yenye nywele za farasi. Na jua hii ya Durban!

Akaanza kutufundisha historia. (Nani alimuomba?)

"Dragon alikuwa anakunja mikia ya koti nyuma ili akae vizuri kwa farasi. Kitambaa cha ndani kinaonekana, ndiyo urembo wenyewe!"

Akatugeuzia mgongo, akakunja.

Kitambaa chekundu. Katikati iko picha ya bibi anacheka. Chini: Pumzika kwa amani, Mama.

Kitenge cha matanga, jamani! Mke wake, Mama Grâce, hakuweza kufika Bukavu kuzika mama yake. Walimtumia hicho tu. Bwana akakitoa kwenye valisi, akampa fundi, eti ndani hakuna atakayeona.

Tulicheka mpaka machozi. Mimi ndiye nilishika video.

Mama Grâce akasogea polepole.

"Ulikuja na mguu ao na taxi?"

"Taxi."

"Ulikaa?"

Hata muziki walizima.

"...Nilikaa."

Sasa anarudi nyumbani Point na mguu, koti Mama Grâce amebaki nayo. Kofia wamemwachia.

Nani atamfungulia mlango leo? Mimi hapana.