Namba ya Shemeji

Ule mji ni mdogo kiasi kwamba ukipiga chafya sokoni, jioni jirani anakuletea pole ya kifua. Nani kagombana na mkewe, nani karudi kwa mama yake, nani kanunua kochi jipya: yote yanajulikana kabla chai haijapoa. Lakini mtu anayeumwa hajulikani. Anasema "niko salama," anacheka na wewe, na kesho yake unaona turubai limefungwa mbele ya nyumba yake. Midomo yote ile, na hata mmoja haukuuliza swali la maana!

Mkasi aliujua ukimya huo vizuri. Hilo ndilo jina alilopewa alipourithi ukinyozi wa baba yake: chumba kimoja cha mbele, kioo chenye ufa pembeni, kiti cha kuzunguka kilichozibwa kwa utepe wa gundi, na benchi refu la mbao ukutani. Baba yake alianguka mle mle, mkono mmoja ukiwa bado kichwani kwa mteja. Kwa wiki nzima alikuwa akilalamika kwamba kichwa kinamgonga, na wanaume wa kwenye benchi wakimjibu, "Uzee huo, mzee, kubali matokeo." Walimcheka mpaka wakambeba.

Matanga yalipoisha, Mkasi alikwenda zahanati kwa muuguzi, ambaye mji mzima ulimwita Sista.

"Wanaume hawaji kwako," alimwambia. "Wanakuja kwangu. Nifundishe kupima presha."

Sista alimtazama, akaona hatanii. Alimfundisha kuufunga ule mkanda mkononi, kusoma namba, na kumwelekeza kwake kila ambaye namba yake imepanda. Akamkabidhi kipimo. Mlangoni alimshika bega.

"Neno moja. Namba ni ya mwenye mkono. Si yako, wala si ya benchi."

"Nimekuelewa, Sista."

Alielewa kwa kichwa. Mdomo haukuhudhuria somo.

Maana dukani kwake Mkasi hakuwa kinyozi tu. Benchi lilicheza drafti kutwa kwa vizibo vya soda, na yeye ndiye aliyekuwa mwamuzi na mtangazaji. Huku mikono inanyoa, masikio yalifuata vizibo, na bila kugeuka alitangaza nani anaongoza na nani kafungwa. Aliyefungwa alizomewa, akacheka, akadai marudiano. Mle ndani kila jambo lilikuwa mchezo, na kila mchezo ulikuwa na mshindi wa kutangazwa. Mwanzoni kipimo kilipokelewa vizuri. Wanaume walitoa mikono, na namba zao zilikuwa za kawaida, hazikuwa na utamu wowote wa kutangaza.

Halafu akaja shemeji yake.

Huyu alikuwa mume wa dada yake, dereva wa basi la shule, mtu wa shati lililopigwa pasi, aliyefuta kioo cha basi kila asubuhi kabla hajafuta uso wake. Alikaa, akatoa mkono. Kipimo kikabana, kikaachia, na namba ikapanda mahali Mkasi hakuwahi kuiona ikifika. Hapo mdomo ukamponyoka.

"Shemeji anaongoza! Kawafunga nyote, na mchezo haujaisha!"

Benchi lililipuka. Vizibo vikaruka sakafuni.

"Mpeni kombe!" alipiga kelele fundi baiskeli, aliyekaa mwisho wa benchi.

Shemeji naye alicheka, kicheko cha mtu aliyefumaniwa na mvua. Akaufungua mkanda mwenyewe na kuondoka bila kunyolewa.

Jioni ile alikuwa na jina jipya: Presha. Jina likalala sokoni, likaamkia shuleni. Wazazi wakamfuata mwalimu mkuu: "Watoto wetu wanaendeshwa na Presha?" Mwalimu mkuu akachukua funguo za basi, "mpaka mambo yatulie." Mji mzima ulilijadili jambo hilo, na katika mji mzima hakuna hata mtu mmoja aliyemuuliza yule bwana kama amekwishamwona Sista. Hakuwa amemwona. Aliapa kwamba hatakanyaga zahanati, ambako watu wanajaa barazani wakihesabu anayeingia na anayetoka.

Tangu hapo mikono ikarudi mifukoni. "Leo nywele tu, Mkasi," wateja walisema, wakikitupia kipimo jicho kama mtu anavyomtazama mbwa asiyemjua. Mkasi alikwenda kuomba radhi nyumbani kwa shemeji yake. Alipobisha mlango wa mbele, shemeji alitokea wa nyuma.

Dada yake ndiye aliyekuja, akapitia uani ili benchi lisimwone.

"Anaamka usiku, anakaa kitandani kashika kichwa," alisema. "Nikimwambia twende kwa Sista, ananiuliza, 'Unataka wapate na picha?' Wewe ndiye uliyemvua nguo mbele za watu. Sasa mfunike wewe."

"Dada, nilikuwa natania."

"Hata baba walikuwa wanamtania."

Akaondoka. Mkasi akabaki ameshika ndoo ya maji, hajui alitaka kuipeleka wapi.

Jumamosi, benchi likiwa limejaa, shemeji akaingia. Shati lilikuwa na mstari wa pasi kama kawaida. Wazazi na mwalimu mkuu walikuwa wamemwita kikao cha Jumatatu kuzungumzia basi, na mtu haendi kuomba kazi yake akiwa na ndevu za mtu anayekimbia polisi. Kinyozi mwingine mjini hakuwepo. Tena, yeye hakuwa mtu wa kuacha isemwe kwamba anaogopa kiti.

"Ndevu," alisema, akakaa.

Vizibo vikasimama. Mkasi akampaka povu, akachukua wembe, akaanza shavu la kulia. Karibu na sikio aliona mshipa ukipiga, ukipiga, kama kitu kinachotaka kutoka. Jasho lilikuwa limekaa juu ya mdomo wa shemeji ingawa asubuhi ilikuwa ya baridi. Mkono juu ya kiti ulikuwa ukifumba na kufumbua.

Akimwambia "nikupime," atainuka na povu lake na asirudi tena. Akinyamaza, kioo hiki hiki kiliwahi kumwonyesha baba yake akinyamaziwa.

Mkasi akaweka wembe chini. Akafungua droo, akatoa kipimo.

"Ukinigusa na hicho kitu," alisema shemeji polepole, "tutaharibiana siku."

"Si chako."

Akakunja shati lake mwenyewe, akaufunga mkanda kwenye mkono wake mwenyewe. Miezi yote ile alikuwa amepima mji, na mkono huo haukuwahi kuguswa. Alijua kwa nini. Kichwa chake nacho kilikuwa kikigonga tangu msimu wa mvua, na kila siku alijiambia ni kelele za mashine ya kunyolea.

"Mganga hajigangi," alinong'ona mtu kwenye benchi. Hakuna aliyecheka.

Mkasi akakigeuza kioo cha kipimo kimwelekee shemeji.

"Nisomee."

"Nikusomee nini?"

"Namba yangu. Mimi sitaitazama. Isome wewe, kwa sauti unayoitaka."

Fundi baiskeli akainamisha mwili mbele, kizibo kikiwa vidoleni. Benchi zima lilielewa kinachotokea. Shemeji alikuwa amewekewa mkononi jiwe lile lile alilopigwa nalo. Kipimo kikabana, kikaanza kuachia, kikalia. Shemeji akatazama. Mdomo wake ukafunguka, na Mkasi akafumba macho, akisubiri.

Shemeji akaisoma namba mara ya pili.

"Vipi, anaongoza?" fundi baiskeli alishindwa kuvumilia.

Shemeji akabonyeza kitufe, namba zikazimika.

"Kapime yako," alisema. "Hii ina mwenyewe."

Fundi akarudisha mgongo ukutani. Shemeji akainuka, akamsogelea Mkasi sikioni, povu la shavu moja likimgusa bega.

"Imezidi yangu," alinong'ona. "Umesikia? Imezidi. Funga duka."

"Nimekunyoa upande mmoja tu."

"Funga duka, nimesema! Dada yako hana nguvu za kuzika tena."

Mkasi akaufungua mkanda mkononi. Alishika kiti. "Shemeji, nisamehe. Nilikuvua nguo."

"Sijakusamehe. Nakupeleka tu. Mimi ni dereva."

Wakashika barabara kuu, mmoja kakunja shati mkono mmoja, mwingine kanyolewa nusu uso na povu linamkaukia. Muuza vocha aliacha kuhesabu chenji. Wanawake wa duka la vitambaa wakatoka mlangoni. Mbele yao, baraza la zahanati lilikuwa limejaa macho kuliko wagonjwa.

"Wanatuangalia," Mkasi alisema.

"Waache waangalie. Ndevu nusu hawajaziona?"

Lakini walipofika kwenye ngazi, hatua za shemeji zikapungua. Sista akatokea mlangoni, akawatazama wote wawili, hakuuliza lililowakuta.

"Nani anaanza?"

"Huyu," shemeji akamsukuma Mkasi mbele.

Mkasi akapanda ngazi moja, akasimama. Hakugeuka. Aliogopa kwamba akigeuka ataona mgongo wenye mstari wa pasi ukirudi mjini, ukimwacha mlangoni na ukweli wake peke yake.

"Na wewe?" Sista alimuuliza aliyekuwa chini.

Shemeji akalitazama baraza, uso kwa uso, mpaka baadhi yao wakaangalia miguu yao. Akajifuta povu kwa kiganja.

"Naingia naye. Lakini mlango ufungwe."

Wakaingia. Sista akafunga mlango, komeo likalia. Barazani watu wakanyoosha shingo, wakatega masikio kwa muda mrefu. Hawakusikia kitu.