Furu ya Darasa ya Sita

Bantu banasema shule yetu ni ya Padri. Mi nakataa. Jina ni ya parokia, sawa. Kengele ni ya kanisa, sawa. Na siku ya mukutano Padri ndiye anakaa kwenye kiti cha mbele. Lakini mawe ya musingi yalitoka mutoni juu ya vichwa vyetu, muchanga tuliusomba ziwani na mabeseni, na maji ya kufyatulia matofali yalibebwa na bamama, bengine na mimba ya miezi minane. Muntu asinifundishe mwenye shule ni nani.

Mi ni muchuuzi wa ndagala. Asubuhi nanunua mbichi kwa bavuvi, naanika, nauza kwenye masoko ya Baraka na Swima. Kwa dini niko Mupentekoste na sifichi. Batoto bangu banasoma kwa Bakatoliki juu shule ya kanisa letu iko ng'ambo ya muto, na ule muto wakati wa mvua hauna urafiki na muntu. Binti yangu wa mwisho anajua Salamu Maria kuliko batoto ba katekista. Hilo nalo sifichi.

Kwetu kila darasa inachagua muzazi mumoja wa kuingia kwenye komite. Mwaka ule, kwa darasa ya tano, bababa bote balikataa. Mumoja ana safari, mwingine ana mugongo. Bakaniangalia. Nikasema, bon, andikeni mi. Nilipofika kwenye mukutano bakanipa kazi ya chakula: siku ya salongo, ile kazi ya pamoja ya bazazi, niangalie kama fufu na sombe zimefika. Mambo ya ujenzi ilikuwa ya bababa. Nilijiambia, ingia kwanza, kelele utapiga ukiwa ndani.

Darasa ya sita ilikuwa inasomea chini ya hema ya plastiki nyuma ya kanisa. Upepo wa ziwa unaipasua, bazazi tunaishona, upepo unaipasua tena. Mwezi wa sita, karibu na likizo, Padri akatuambia kwenye komite kama bakubwa ba shule za kikatoliki bamechoka na plastiki. Septemba ikifika bila chumba yenye ukuta ya matofali, darasa ya sita ya kwetu inafungwa, na batoto banaenda kusomea Baraka mujini. Alisema kwa upole. Padri wetu ana sauti ya kubembeleza mugonjwa, na habari mbaya ikitoka kwenye kinywa chake unaweza kuiitikia amina bila kujua.

Mi sikuitikia. Binti yangu alikuwa anamaliza ya tano. Dada yake mukubwa alisoma hapa hapa, wakati darasa ya sita haiko bado. Alipomaliza ya tano tulimuambia atatembea mpaka Baraka, na kweli alitembea, mpaka mvua ilipofika. Muto ukajaa, akarudi nyumbani kungoja maji yapungue. Maji yalipungua, yeye hakurudi shuleni. Leo anakaanga mikate kwenye soko ya Swima, mutoto mumoja mugongoni, mwingine anamuvuta kitenge. Na alikuwa mutoto wa akili. Alikuwa anasoma kila kitu, karatasi ya sabuni, gunia la unga, hata matangazo ya uchaguzi ya zamani kwenye ukuta. Inaniuma mpaka leo. Niliapa haitatokea mara ya pili kwenye nyumba yangu.

Basi kiangazi nzima tulifanya salongo. Bababa balichimba udongo na kufyatua, bamama tulileta maji. Kazi ilikuwa jumamosi. Baadventisti jumamosi habashike kazi, basi bakawa banakuja ijumaa, na hakuna mwenye alibasema. Matofali yakakauka. Tukayapanga kuwa furu, ndiyo tanuru: mulima mudogo wa matofali yenyewe, na midomo chini ya kuingizia kuni, nje umepakwa udongo. Ilibaki moto tu.

Hapo prezida wa komite akasema tungoje.

Huyu prezida ni mufanyabiashara, muntu wa heshima. Anapeleka bidhaa Lulimba kwenye machimbo ya dhahabu, na batoto bake banasoma Uvira. Sisemi ni muntu mubaya. Mwenye shibe hamujui mwenye njaa, basi. Fundi wa kuchoma matofali alikuwa ndugu yake, na huyo ndugu alikuwa amekwenda Lulimba kuchimba kidogo. Mwezi wa saba tukaambiwa atarudi. Katikati ya mwezi wa nane tukaambiwa iko njiani. Muntu mwenye amenusa dhahabu harudi juu ya matofali ya shule, hata mi naelewa. Lakini kwetu furu iko na muntu wake. Hakuna baba mwenye alitaka kuwasha furu ya fundi mwingine, juu ikiharibika, jina lake ndilo litabaki kwenye vinywa vya kijiji. Na bamama? Akaa, hapana kabisa. Bafundi banasema mwanamuke akikaribia furu inayowaka, matofali hayaivi. Sijui balitoa wapi hiyo. Maji ya matofali tulibeba sisi, lakini moto wake tusiuone.

Na tofali mbichi ni udongo tu. Mvua moja kubwa inairudisha kuwa matope, na kazi ya kiangazi inaingia ziwani. Mwisho wa mwezi wa nane mawingu yakaanza kukaa juu ya milima, asubuhi yako pale, jioni yako pale.

Komite ilikutana jumapili, kisha ya misa. Nilitoka kwa ibada yetu, nikabangojea nje ya kanisa na Biblia kwapani mpaka bakatoka. Mukutano ulipofunguliwa nikaomba neno. Nikasema tuwashe wiki hii, fundi akuwepo, fundi asikuwepo. Prezida akacheka kidogo, na hakucheka kwa ubaya.

"Mama, we uko wa chakula," alisema. "Furu si chungu ya sombe."

"Na chungu ilichomwa na nani?" nikamuuliza. "Bibi yangu alichoma vyungu maisha yake yote, na viliiva. Moto haumuulize muntu kama ni mwanamuke."

Bengine bakacheka. Padri alikuwa anaangalia viatu vyake. Direkteri wa shule akakumbusha kama komite inaamua kwa mikono. Ba kungoja fundi balikuwa bengi. Kwa upande wa kuwasha, mukono wangu ulikuwa juu, na ule wa muzazi wa darasa ya kwanza, lakini prezida alipomuangalia huyo akaushusha pole pole kama muntu aliyekuwa anajikuna kichwa. Ikaamuliwa tungoje. Wakati wa kutoka prezida akanipigapiga begani, akanikumbusha kama asiyesikia la mukuu huvunjika guu. Nikamujibu guu ni langu.

Nilifika nyumbani na hasira mpaka nikaunguza sombe. Binti yangu alikuwa ameketi mulangoni anafuta viatu vyake vya shule, na likizo haijaisha.

"Mama," akaniuliza, "kule Baraka, muto ukijaa, nitalala wapi?"

Hakuuliza kwa kulia. Aliuliza vile muntu anauliza kama anapanga safari. Lile swali lilinichoma kuliko ile mikono yote ya komite. Nikaacha sufuria ya fufu hapo hapo, nikaenda kwa jirani.

Jirani yangu ni Mukatoliki wa kwaya, na mutoto wake alikuwa darasa moja na wangu. Nilimuambia kesho nawasha furu, kama nitakuwa peke yangu, basi peke yangu. Akafunga vizuri kitenge chake, akasema bwana yake atamupigia kelele wiki nzima, lakini kelele haijenge darasa. Akaambia kwaya. Asubuhi bamama bakafika na kuni vichwani, kila mumoja na zile za jikoni kwake. Bapentekoste, Bakatoliki, Baadventisti, hakuna mwenye alipima kuni ya mwenzake ni ya dini gani. Nikawasha mi mwenyewe.

Na tukafanya kosa. Sisi tunajua moto wa jiko: unawasha kwa nguvu, chungu inachemka, kisha unapunguza. Furu inataka kinyume. Inataka moto mudogo kwanza, maji yatoke ndani ya matofali pole pole, ndipo uongeze. Sisi tulijaza kuni kwenye midomo yote mara moja kama tunapikia harusi. Haikukawia, matofali ya chini yakaanza kupasuka, pa, pa, na kila mulio ulikuwa unanipiga kifuani. Bababa balikuwa bamesimama mbali, mikono imefungwa. Mumoja akasema kwa sauti, si bafundi balisema, mwanamuke amefika kwenye furu.

Nikamugeukia. "Kama unajua kosa, kuja ulitengeneze. Kama haujue, leta kuni."

Hakutoka yeye. Alitoka bwana ya jirani yangu, yule mwenye alikuwa apige kelele wiki nzima. Akachuchumaa kwenye mudomo wa kwanza, akaanza kuvuta kuni nje, moja moja, mpaka ukabaki moto mudogo. Akaenda kwenye mudomo wa pili. Mwingine akamufuata na jembe. Jua lilipofika utosini kijiji nzima kilikuwa pale, bababa na bamama, na moto tuliulinda kwa zamu mpaka ukatoboa juu ya furu na udongo wa nje ukabadilika rangi.

Tulipoibomoa, ya chini yalikuwa yamepasuka, ya nje yalikuwa mabichi bado, yanavunjika mukononi. Ya katikati ndiyo yaliiva, mekundu, ukiyagonganisha yanalia. Hayakutosha chumba nzima. Ukuta ulifika kifuani mwa mwalimu, ukaishia pale. Juu tukasimamisha nguzo na kufunga ile plastiki ya zamani. Mvua ya kwanza ilinyesha kabla ya shule kufunguliwa, mvua ya hasira, na yale matofali mabichi tuliyoyatupa pembeni yakayeyuka yote. Nilitoka kwenye ile mvua, nikaenda kushika ukuta kwa mikono miwili. Ulikuwa mugumu. Nikalia pale pale, na sioni haya kusema.

Kisha Padri akaita komite. Akauliza, kwa ile sauti yake, ni nani alitoa ruhusa. Prezida akawahi kujibu kama komite ilikutana tena bila Padri, ikaamua tuwashe. Najua alitaka kunisaidia. Alinifungulia mulango nipite kimya kimya, na siku ile nilimuheshimu kwa hilo. Lakini mi sikuvunja uamuzi wao ili nije kujificha nyuma yake.

"Hapana, Padri," nikasema. "Komite ilikataa. Ni mi niliwasha."

Padri akasema shule ambayo kila muntu anafanya vile anapenda si shule tena, na mwenye haheshimu mikono ya komite hawezi kukaa ndani yake. Alisema kweli, siwezi kubisha, na ningeiwasha tena kesho yake. Nikamuuliza darasa ya sita je. Akasema darasa iko na ukuta, ataieleza kwa bakubwa, batoto bataingia.

"Basi nitoe," nikamuambia. "Mi utanitoa. Ule ukuta hautautoa."

Nikasimama, nikaenda kuanua ndagala zangu.

Shule ilipofunguliwa kila darasa ikapaswa kuchagua muzazi wake upya, ndiyo kanuni ya kila mwaka. Mukutano ulifanyika mule mule kwenye darasa ya sita, juu ndiyo kubwa. Bamama, bale banabakiaka jikoni siku ya mikutano, balikuja bote, bakakaa kwenye madawati ya mbele. Mvua ilikuwa inapiga plastiki juu ya vichwa vyetu, na tone moja lilikuwa linaangukia meza ya prezida, anasogeza kofia yake, linamufuata. Ilipofika zamu ya darasa ya sita, direkteri akauliza bazazi banamutaka nani. Mikono ya bamama ikapanda, na ya bababa fulani nayo, na jina lililotajwa lilikuwa langu.

Prezida akamuangalia Padri. Padri akaangalia ile mikono, akasema alinitoa kwa darasa ya tano, na kama bazazi ba ya sita bananichagua, yeye hana neno. Akaniuliza, kwa upole wake ule ule, kama nakubali kuendelea na kazi ya chakula.

Nikasema chakula apewe baba mumoja, bako bengi hapa benye mikono mizuri. Maji yalikuwa yameanza kudondokea dawati la binti yangu, pale pale anapokaaka siku za masomo.

"Mi nataka paa," nikasema. "Tuanze nayo leo."