Koti la Watu Wote

Asubuhi ile niliondoka Katoyi, mtaani kwetu Goma, bila kujua naenda wapi. Nilikuwa na kamera shingoni, filamu iliyobakiza picha moja, mkate mfukoni, na hasira. Hasira ilitangulia, mimi nikaifuata.

Kamera ilikuwa yangu. Nilipewa na mfanyabiashara wa Butembo niliyembebea mizigo msimu mzima. Shule nilikuwa nimeiacha mapema, kwa sababu kila dirisha la darasa lilinivuta nje. Lakini chombo kile kilinirudisha kwenye benchi. Katika Goma ya Zaïre fundi mmoja wa picha alikuwa akifundisha vijana studioni kwake, na kila juma alitupa kazi ileile: kupiga picha ya "mutu wa heshima".

Heshima, kwake, ilikuwa koti. Ukutani palining'inia abakosti moja nyeusi, lile koti la kiserikali lisilovaliwa na tai, ambayo kila mteja alivalishwa. Mwembamba alibanwa mgongoni kwa vibanio vya kuanikia nguo. Kwa mnene mshono wa nyuma ulifumuliwa, mradi mbele pafungike. Kifungo cha pili kilishonwa kwa uzi mweupe. Nyuma ya mteja palikuwa na pazia lililochorwa ndege ikiruka. Nje ya dirisha volkano ya kweli ilikuwa inatoa moshi, wala hakuna aliyeigeukia.

Mimi nilileta mama anayecheka huku akishusha gunia la viazi. Zero. Juma lililofuata nilileta mwanamume akiteremka na chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao, makaa yamejaa mpaka juu ya kichwa chake.

"Huyu anakimbia wapi?" mwalimu aliuliza, akiinua picha wenzangu waione. "Polisi wanamufuata?"

Walicheka wote.

"Anaenda soko, Mwalimu."

"Na heshima yake ameiacha kwa nyumba?"

"Iko kwa mikono yake. Uangalie vile anashika."

Hakuangalia. Akaniita kama serikali ilivyotaka kila raia aitwe: "Citoyen, shule ilikushinda, na hii nayo itakushinda. Kesho ulete mutu, koti iko hapa. Usipomuleta, usirudie tena."

Kesho yake ndiyo asubuhi ninayoisimulia. Ningeweza kumwita jirani yeyote, nikambana kwa vibanio, nikabaki mwanafunzi. Badala yake nilishika barabara ya kaskazini, juu ya mawe meusi, mpaka Kibati. Hapo kamioni iliyobeba kreti tupu ilikuwa imesimama, injini ikipoa.

"Unaenda wapi?" dereva akaniuliza.

"Wewe unaenda wapi?"

"Bunagana."

"Na mimi pia."

Alicheka. "Mutu mwenye hana safari ndiye anapandaka haraka."

Tulifika huko mpakani alasiri. Nilificha kamera chini ya shati, kwa maana penye forodha na askari picha moja inaweza kukulaza ndani. Watu wa pale wakanielekeza kwa mama mmoja mjane mwenye chumba cha wapita njia nyuma ya nyumba yake. Nilipoingia sebuleni kwake nikasimama mlangoni. Ukutani palikuwa na picha: ile ndege, ile abakosti, ule uzi mweupe. Nililijua koti kabla ya kumtazama mtu.

"Huyu ni nani, mama?"

"Bwana yangu. Alishakufa."

"Na hii koti..."

"Ni ya Goma," alinikata. "Yeye alikuwa muchungaji wa ng'ombe, koti angetoa wapi? Walimuvua kofia, wakamunyang'anya fimbo, wakamuvalisha ile kitu. Aliporudia na hii karatasi tulicheka mupaka machozi. Nikamuambia, baba, umeniletea mugeni! Sasa yeye ameenda, na mugeni ndiye amebakia."

Aliingia chumbani, akatoka na kofia ya manyoya iliyopauka na fimbo ndefu, laini pale mkono ulipozoea kushika. Akaitazama kamera yangu.

"Hiyo inapiga?"

"Inapiga. Imebakia moja tu."

Nilijua maana ya ile moja. Kamioni ingerudi Goma alfajiri. Kwa picha hiyo, ya mtu ndani ya koti, na maneno ya kubembeleza, huenda mwalimu angenipokea.

"Toa kiti nje, mama," nikasema.

Alikaa mlangoni, fimbo ameisimamisha kando yake, kofia ameitundika kwenye ncha ya fimbo, kwa urefu wa mtu. Nikamwambia anaweza kucheka kidogo.

"Nicheke namna gani, na yeye ananiangalia? Piga."

Akanyooka, mikono magotini, amekakamaa kuliko mteja yeyote wa studio. Mimi niliyepigana na ukakamavu majuma yote nikamwacha vilevile. Huo ulikuwa wake. Hakuna aliyembana mgongoni. Nikapiga.

"Utaiosha kwa ule fundi wa koti, kule Goma?"

"Hapana. Yule simurudii. Nitatafuta mwingine, hata ng'ambo ya mpaka. Yako utaipata."

Mtu wa heshima nilikuwa nimempata. Mwalimu angeona kofia juu ya fimbo tu, angenipa zero, na zero hiyo ningeitundika ukutani.

"Utalala siku ngapi?" akauliza, akifungua chumba.

"Sijui, mama."

"Basi ingiza viatu," akasema. "Mvua inakuja."