Nilichota Maji kwa Miguu ya Dada Yangu

Mnisamehe mwandiko na makosa ya herufi. Nilisomea Kiswahili kambini Kenya, nikaishia darasa la sita, na kuandika kwangu ni kwa polepole. Kusema mbele za watu ndiko siwezi kabisa.

Kosa ni langu. Dada yangu mdogo, nitamwita Kiden, hatembei. Alipewa kiti cha magurudumu, akaanza shule hapa Gumbo, mtaa tuliohamia baada ya kambi. Mimi ndiye nilikuwa namsukuma.

Kwenye pampu ya maji, mtu akija na kiti kile anapishwa mbele. Siku moja Kiden alikuwa na homa, nikaenda na kiti bila yeye, kimejaa majerikeni. Wanawake wakasema, "Mpisheni, kwao kuna miskin." Ndivyo hapa wanavyomwita mtu asiyejiweza, wa kuhurumiwa. Nikapita. Nikaona raha. Kesho yake nikarudi, Kiden akiwa mzima, nimemwacha mkekani amevaa sare.

Ekseli, kile chuma kinachoshika magurudumu, ilivunjika njiani, maji yakamwagika yote.

Nilipofika nyumbani nakiburuta kiti, Kiden hakulia. Aliniuliza, "Umebeba maji kwa miguu yangu?"

 

Nikakibeba kiti hadi mtaa wa Sherikat, kwa fundi wa kuchomelea, Mganda. Akakigeuza, akacheka kidogo. "Kijana, mimi iko na moto, lakini hii chuma imekwisha. Leta ekseli ingine." Sijaipata.

Mjomba wetu, tunayekaa kwake, akasema basi, Mungu ameamua, mtoto akae nyumbani. Hapo ndipo nilipokataa. Mungu hakuvunja kile kiti, nilikivunja mimi! Sasa namweka mgongoni kila asubuhi, hata matope yakinifika magotini. Vijana wa bodaboda wanapiga kelele, "Punda wa Kiden!" Mimi nainamisha kichwa. Yeye anawajibu kutoka mgongoni, "Punda wangu ana darasa la sita. Wewe je?"

Wacheke. Shule haachi.

Na wewe mwenye mtoto kama Kiden: kile kiti si toroli. Usikipakie mkaa, usikipakie maji, hata ukikuta foleni ndefu namna gani. Na ukisikia wanamwita miskin ili upishwe, usipite.

Anayejua ekseli ya kiti kama hicho inapatikana wapi, aniandikie. Hata mnaosema nimwache nyumbani, andikeni. Atakayewajibu ni Kiden mwenyewe, na yeye hana haya kama mimi.