Sikio la Kulia Chini

Nilikuwa na roho mbaya, na sitaki mtu anitetee eti kwa sababu nimezeeka.

Miaka ile ya sabini wanaume wengi wa Koboko walivaa magwanda, na mume wangu alikuwa mmoja wao. Kambi yake ilikuwa Arua, nyumba yake Koboko. Mimi nilimzalia mabinti watatu. Kisha akaniletea mke mwenza kutoka Awindiri, binti wa mfanyabiashara wa Kikongo, aliyesilimishwa leo akaolewa kesho, na mwaka haujaisha akajifungua mtoto wa kiume. Mama mkwe alishinda na yule mtoto mgongoni. Mtoto nilimtaka. Mama yake sikumtaka hata kidogo.

Chumvi ilikuwa haba, ikiuzwa kwa vijiko. Siku moja mume alikuja na wageni wa kambini, na zamu ya kupika ilikuwa ya mwenzangu. Chumvi ya nyumba niliificha kwenye sanduku langu la nguo. Wageni walionja, wakatazamana. Mume akamwita nje, akamzaba kofi moja tu, la kiganja kizima, kwenye sikio la kulia.

Hazikupita siku nyingi mwenzangu akaanza kushika kuta.

“Mama mukubwa, mimi nikilala, nyumba nazunguka,” aliniambia. “Nikiinama kuchota maji, nazunguka. Nikikaa kimya, kuzunguka nakwisha.”

Nilimwambia ni mimba nyingine.

Kila Alhamisi nilimsuka nywele, mimi kwenye kigoda, yeye kwenye mkeka, kichwa amekilaza mapajani mwangu. Hapo ndipo nilipoujua ugonjwa wake kuliko alivyoujua mwenyewe. Sikio la kushoto likiwa chini, alisinzia. Nikimgeuza la kulia likae chini, zilipita pumzi mbili tatu, kisha macho yakaanza kurukaruka, yanavutwa upande mmoja na kurudi, naye amening'ang'ania goti, jasho linamtoka. Kabla sijamaliza msuko mmoja yalikuwa yametulia.

“Geuza mimi tena upande ile ingine,” aliniomba. “Huko iko afadhali.”

Nilimjibu kwamba upande huo nimeshausuka. Na kweli nilikuwa nimeshausuka, kwa makusudi. Kulaza sikio la kulia chini nilikuweka mwisho kila mara, ili kusibaki sababu ya kumgeuza tena. Nikimaliza nilimwinua kwa ghafla, aanguke mbele ya watu.

Mtoto alipoacha ziwa, nikawaita mume na mama mkwe waje waone. Nilimlaza mwenzangu mapajani, nikageuza kichwa. Macho yakaanza kucheza.

Mama mkwe alirudi nyuma. “Huyu iko na shetani! Shetani ya Kongo!”

“Hapana shetani,” mwenzangu alisema, bado yuko mapajani mwangu. “Iko ile kofi. Peleka mimi hospitali ya Arua, tafadhali.”

Mume akanitazama mimi. Alikuwa anataka neno moja tu la kumpeleka mkewe hospitali.

“Mimi nimekula kofi ngapi?” nikasema. “Macho yangu nacheza?”

Alirudishwa Awindiri kwa lori la tumbaku. Alipoinua kichwa kutafuta pa kukanyaga, dunia ikamzunguka, akateleza. Ni mimi niliyemsukuma juu. Mtoto alibaki, kwa kuwa mtoto ni wa baba yake. Alilia siku tatu, ya nne akaniita mama. Nilifurahi, na nilipika na chumvi ya kutosha.

Yule mtoto sasa ni mwanamume mwenye mvi, na hajawahi kunikosea. Mwaka jana niliteleza bafuni nikagonga kichwa, na tangu hapo kila nikijigeuza kitandani nyumba inazunguka. Akanipakia kwenye pikipiki hadi hospitali, Arua. Daktari, binti mdogo tu, alinilaza chali, akageuza sikio la kulia chini, akayatazama macho yangu. Akasema ndani ya sikio kuna chembe ndogo kama chumvi, zikitoka mahali pake mtu huzunguka. Kipigo cha kichwa huzitoa. Akasubiri macho yatulie. Kisha akanigeuza polepole upande wa kushoto, akasubiri, akanilaza ubavu uso ukielekea chini, akaniinua. Basi. Hakuna sindano, hakuna kidonge.

Nikasimama, na sakafu nayo ilikuwa imesimama. Nusu ya kwanza ya tiba ile nilikuwa nimeifanya kila Alhamisi kwa mikono yangu; ya pili aliniomba, nikamnyima.

Mwanangu alikuwa amesimama pale muda wote. Amekua akisikia kwa bibi yake habari za aliyemzaa, mwanamke mwenye shetani wa macho. Tulipofika nje nikapanda nyuma yake.

“Mama, macho yako ilicheza,” akasema bila kugeuka. “Kama yake.”

“Twende nyumbani,” nikasema.

Ufunguo alikuwa nao mkononi. Hakuwasha pikipiki.